Eti mwalimu hapandi baiskeli!

Nimerudi kampasi tangu Jumapili, fildi imekwisha, na kama kawaida yetu tumeshaanza kuhadithiana pale kwenye vimbweta: nani alipewa vipindi thelathini kwa wiki, nani mkaguzi wake alitokea siku ambayo hana andalio la somo, nani alihongwa maandazi na kidato cha kwanza. Stori ni nyingi na nyingine ni za uongo. Lakini mimi kuna moja imenikaa kooni kama mwiba wa sato, na leo naitoa.

Kwa wiki nane nilikuwa naenda kufundisha na baiskeli. Kutoka Ng'ong'ona tulikopanga chumba mimi na wenzangu wawili, hadi shule niliyopangiwa upande wa pili wa mji wa Dodoma, kama kilomita tisa kwenda na tisa kurudi. Na katika wiki hizo nane nimeambiwa na watu wazima wenye shahada zao, mmoja ana mbili, kwamba mwalimu hapandi baiskeli. Eti inashusha hadhi ya taaluma. Na mwalimu wa kike ndiyo kabisaaa. Nimeambiwa hivyo ofisini kwa walimu, nimeambiwa njiani, na kilichoniuma zaidi nimerudi hapa chuoni nikaambiwa hivyo hivyo na nyie wenzangu wa Elimu, huku mnacheka. Kuna mmoja akaniita Madamu Phoenix. Sawa. (Phoenix yenyewe sina, yangu ni mtumba wa Japani, ina kapu mbele na kengele inayolia kama ya misa.) Jina nimelipokea. Sasa na nyie pokeeni maneno yangu.

Swali langu ni dogo tu. Hiyo heshima ya mwalimu mnayoilinda, ilifika kijijini na chombo gani?

Kwetu ni Shinyanga. Kule ukisema umekuja na daladala mtu anaweza akaelewa umekuja na baiskeli, maana baiskeli za kubeba abiria ndizo zilizoitwa daladala: keria imewekewa mto, kuna vyuma pembeni vya kukanyagia, unakaa, kijana anakanyaga, mnafika. Na nyie mnaoringia bodaboda, hata hilo jina lenu limezaliwa na baiskeli. Kule Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, vijana walikuwa wanavusha watu na mizigo kwa baiskeli kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, boda kwenda boda, miaka mingi kabla pikipiki za Kichina hazijaingia. Pikipiki imerithi jina halafu mrithi anamcheka mzazi.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Anasimulia kwamba miaka ya sabini kijijini kwake wenye baiskeli ulikuwa unawahesabu kwa vidole: katekista, bwana shamba, karani wa chama cha ushirika cha pamba, na mwalimu. Mkulima aliyepata bei nzuri ya pamba, baada ya mabati alikuwa anawaza baiskeli. Wazee wengine bado wanaizungumzia Swala, baiskeli iliyotengenezwa hapa hapa nchini, kama vile sisi tunavyozungumzia simu. Babu akitokeza barabarani watoto walikuwa wanakimbia kumpokea usukani, wanagombania nani aikokote hadi kwenye kivuli. Kuikokota baiskeli ya mwalimu ilikuwa tunu! Yaani ukirudi nyumbani unawaambia wazazi, leo nimeshika baiskeli ya mwalimu.

Kwa hiyo mkiniambia baiskeli inamshushia mwalimu heshima, mimi namuona babu yangu kwenye madigadi zake anang'aa, halafu nawaangalia nyie, nashindwa nicheke au nilie.

Heshima ya mwalimu ilishuka kweli, silikatai hilo. Lakini iliposhuka haikuwa imepanda baiskeli. Ilishuka mshahara ulipokuwa unaisha tarehe kumi. Ilishuka mwalimu alipowekwa mbele ya watoto tisini na chaki mbili. Na inaendelea kushuka kila mwalimu anapokwenda kuchukua mkopo wa kausha damu ili anunue kigari cha kuja kuegesha chini ya mwarobaini, halafu kadi yake ya benki inakaa kwa mkopeshaji na mwisho wa mwezi anamfuata mjini kama mtoto anayeomba hela ya daftari. Huyo ndiye ana hadhi? Shuleni kwetu chini ya mwarobaini kulikuwa na magari matatu. Mmojawapo wa wenye magari hayo alikuwa ananiazima mimi, mwalimu wa mazoezi ninayeishi kwa bumu, elfu mbili ya mafuta. Nilimpa. Alikuwa mtu mwema sana, na ndiye aliyeniambia baiskeli iwe inakaa nje ya geti ili isiharibu mandhari.

Tupige hesabu, maana wengine hapa ni wa Hisabati. Mimi nilitakiwa kupanda gari mbili, ya kwanza hadi mjini, ya pili hadi shule. Mia sita mara mbili, kwenda na kurudi, 2,400 kwa siku. Siku arobaini za kazi ni 96,000. Baiskeli niliinunua 120,000, nikaziba pancha nne na kubadili tyubu moja. Ni kweli kwa wiki nane haijarudisha hela yake yote. Lakini baiskeli ninayo hapa, imeegemea ukuta wa hosteli. Nyie nauli zenu ziko wapi?

Na muda. Kwa daladala ilikuwa saa nzima na zaidi, ukichanganya kusubiri, kubadili gari na dereva anayezunguka kutafuta abiria wa kujazia. Kwa baiskeli dakika arobaini asubuhi na kama hamsini na tano jioni. Tofauti hiyo ni ya upepo na kilima. Aliyekaa Dodoma mwezi wa saba anajua upepo wetu unatoka mashariki na hauna adabu. Asubuhi unanisukuma mgongoni nashuka kuelekea mjini, jioni unanipiga usoni na kilima kinanisubiri. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Mimi kufikia Jumanne jioni nilikuwa nimeshazipita. Mwenzangu wa chumba analipia jimu, anapanda bodaboda kwenda huko, anafika anakanyaga baiskeli isiyokwenda popote, anarudi na bodaboda. Nampenda sana lakini hii naomba anielezee taratibu.

Ila nisiwadanganye kwamba nilipanda kwa ajili ya hesabu. Hesabu ni za kubishana na nyie. Ukweli ni kwamba nilikuwa naamka nikiwa na hamu.

Saa kumi na mbili kasoro, baridi ile ya Dodoma inayouma vidole, natoka na sweta. Mibuyu haina jani hata moja, imesimama kama imepandwa mizizi juu. Kuna mama anakaanga maandazi kabla ya kona, moshi wake unafika kwanza, yeye anafuata. Nampigia kengele, ananijibu "mwalimu, jioni nikuwekee?" Kuna kundi la ng'ombe linavuka barabara kila siku muda ule ule, unasimama, hakuna namna, na mchungaji wake ni mtoto ambaye kwa umri alitakiwa kuwa anaelekea ninakoelekea mimi. Halafu unakuja mteremko. Unaacha kukanyaga. Mnyororo unanyamaza na nyuma inabaki ile tik-tik-tik-tik, upepo unaingia kwenye mikono ya sweta, na kwa dakika mbili tatu huna deni, huna sapu, huna mkaguzi. We acha tu!

Na akili inafanya kazi. Masomo yangu ni Kiswahili na Historia, na somo la ngeli ambalo wanafunzi walilipenda kuliko yote nililitungia juu ya kiti. Nilikuwa nasoma vibao vya maduka njiani, nikaanza kuhesabu makosa ya upatanisho, nikafika shule nina mifano kumi na minne ya kweli kutoka mtaani kwao wenyewe. Kwenye daladala huwezi. Kwenye daladala unatazama kwapa la mtu na unamsikiliza konda.

Kingine nilichokiona juu ya baiskeli ni wanafunzi wangu wenyewe. Mwalimu aliyeko ndani ya gari anawaona wanafunzi darasani tu, wakiwa wamekaa. Mimi nilikuwa nawaona wanakuja. Nilijua nani anatokea wapi, nani anatembea na mdogo wake mkononi anampitisha shule ya msingi kwanza, nani amevua viatu ili visiishe. Nilijua kwa nini yule anasinzia kipindi cha saba. Na pale kituoni nilikuwa napita nawaona wamejazana tangu saa kumi na moja na nusu na konda ananing'inia mlangoni, "Denti wawili tu! Wengine inayofuata!" Inayofuata inakuja, nayo wawili tu. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa kuanzia Januari 2016, wote tunajua, tumeiandikia na insha. Barabara ya kwenda shule haikufupishwa. Na wale waliobaki kituoni ndio wanaofika saa mbili na nusu wanapigwa magoti getini na mwalimu wa nidhamu ambaye amekuja na gari.

Hapo ndipo ninapokasirika, na sasa nawaomba mnisikilize vizuri maana haya siyo ya kuchekea.

Kulikuwa na binti wa kidato cha pili, sitataja jina wala shule. Kwao ni kama kilomita saba, njia ya vumbi isiyo na daladala. Alikuwa anatoka nyumbani giza bado. Wakati mwingine analetwa na bodaboda. Nilimuuliza hela anatoa wapi, akasema hatoi, ni lifti. Nyie ni watu wazima, mnaijua lifti ya bure ya bodaboda kwa mtoto wa miaka kumi na tano inakuja kulipwa kwa kitu gani. Tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni, ni jambo jema na lilichelewa. Lakini ingekuwa jema zaidi kama asingelazimika kuchagua kati ya giza na lifti.

Wiki ya tatu binti akatokea na baiskeli ya kaka yake. Lile libaiskeli la kiume, kubwa, lenye bomba la juu, anafikia pedali kwa ncha ya kidole. Amevaa suruali ya michezo ndani ya sketi, kama alivyoniona mimi navaa taiti ndani ya yangu. Hakuniambia kwamba amenifuata mimi na mimi sikumuuliza. Aliingia getini saa moja kasoro robo, mapema kuliko walimu wote waliokuwa na zamu, anahema, ana vumbi hadi kwenye nyusi, na anacheka peke yake.

Alikuja hivyo siku tisa. Siku ya kumi kwenye paredi ikatangazwa kwamba wanafunzi wa kike waache tabia za kihuni za kupanda baiskeli na sare ya shule. Paredi nzima ikamgeukia. Kesho yake akaja saa tatu, kwa miguu, akapiga magoti.

Wakati wa mapumziko akanifuata. "Shikamoo madamu." "Marahaba." Akainama. "Madamu, na wewe umekatazwa?" Nikamwambia sijakatazwa, naambiwa tu kwamba inanishushia heshima. Akafikiri kidogo akasema, "Sasa mbona mimi nilikuwa nawahi?"

Nilikwenda ofisini kuuliza hiyo sheria imeandikwa wapi. Haijaandikwa popote. Nikaandika barua, ukurasa mmoja, kuomba mambo mawili tu: baiskeli za wanafunzi na walimu ziingie ndani ya geti, na fundi mmoja achomelee bomba refu ukutani la kufungia minyororo. Nilijibiwa kwa mdomo. Wewe ni mwalimu wa mazoezi, zimebaki wiki tatu, mkaguzi wako wa mwisho bado hajaja, maliza uondoke na maksi zako. Maksi nimeondoka nazo. Binti anatembea.

Sasa turudi kwenye hoja zenu, maana mlizitoa kwa kujiamini sana pale kwenye vimbweta.

Ya kwanza ile ya kunong'onezana, eti kiti cha baiskeli kinamharibu msichana. Mnasema hivyo na biolojia mmesoma. Hata siyo mpya. Miaka ya 1890, baada ya Dunlop kuleta tairi la upepo mwaka 1888 na baiskeli kuacha kutingisha watu mifupa, wanawake wa Uingereza na Marekani walianza kupanda kwa wingi. Wakatokea madaktari, kabisa, wenye vyeti, wakaandika kwamba mwanamke atapatwa na ugonjwa wa "uso wa baiskeli": macho yanatoka, taya zinakaza, sura inaharibika moja kwa moja. Wanawake wakaendelea kupanda na sura zao wakabaki nazo. Ninachowashangaa nyie ni hiki: mama mwenye ndoo ya lita ishirini kichwani, mtoto mgongoni na mwingine tumboni, anapita mbele ya macho yenu kila siku na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema ndoo inaharibu. Akikaa kwenye kiti akashika usukani, ndipo madaktari mnazaliwa. Kinachowaumiza ni kwamba mtu mwenye baiskeli anakwenda anakotaka bila kuomba mtu.

Ya pili, mifano ya Ulaya haitufai. Haya, niacheni niwapeleke Bihar. Ni jimbo la India, na ni miongoni mwa majimbo maskini kabisa ya nchi ile. Mwaka 2006 serikali yao ilianza kuwapa wasichana wanaoingia darasa la tisa hela ya kununua baiskeli. Watafiti Karthik Muralidharan na Nishith Prakash wakaenda kupima, wakakuta uandikishaji wa wasichana sekondari umepanda kwa asilimia 32, na waliofaidika zaidi ni wale ambao shule iko mbali. Hakuna aliyewabadilishia silabasi. Hakuna aliyewajengea mabweni. Wamepewa baiskeli basi. Na kule nako kulikuwa na wazee wa kusema binti hapandi, mpaka ikafika siku ambayo barabara imejaa mabinti wenye sare wanapiga kengele, wazee wakachoka kusema. Zambia, jirani zetu hapa, wasichana wa vijijini walipopewa baiskeli walipunguza utoro na wakaanza kufika kwa wakati. Kilekile alichosema yule binti bila kufanya utafiti: nilikuwa nawahi.

Ya tatu ni ya usalama, na hii ndiyo pekee niliyoiheshimu. Ni kweli barabara zetu zinaua. Kipande nilichokiogopa mimi ni kile cha lami kuu, maroli ya Dar na mabasi yanapita yanakuvuta pembeni kwa upepo wake tu, na ukingo wa lami umekatika kama mkate ulioumwa. Hapo nilikuwa nashuka, nakokota, sina ushujaa wa kijinga. Lakini angalia tunavyofikiri: barabara inaua mwenye baiskeli, kwa hiyo baiskeli iondoke! Roli linabaki, mwendo wa roli unabaki, mtoto atembee pembeni ya roli lile lile kwa muda mrefu zaidi.

Mnawajua Waholanzi mnadhani walizaliwa wamepanda baiskeli. Hapana. Baada ya vita kuu ya pili walijaza magari mijini kama wengine wote, na mwaka 1971 peke yake barabara zao ziliua zaidi ya watu 3,000, kati yao watoto zaidi ya 400. Wazazi wakaingia mtaani, wakalala barabarani na baiskeli zao, wakasema mnaua watoto wetu. Kukaja na shida ya mafuta ya mwaka 1973. Ndipo wakaanza kutenga njia, mwaka hadi mwaka. Njia zile mnazoziona kwenye picha zilidaiwa na watu waliokuwa na hasira. Na Dar, barabara ya mwendokasi ya Morogoro ilipoanza kazi mwaka 2016 ilikuja na njia za baiskeli pembeni. Nilipita likizo iliyopita: bodaboda wameegesha, kuna meza ya chipsi, kuna rundo la mchanga wa mtu. Siwalaumu sana wenye chipsi. Njia isiyo na wapanda baiskeli lazima itapata wapangaji, na wapanda baiskeli tumewaambia ni maskini wasijitokeze.

Kuna ile ya jasho nayo. Jamani, jasho! Nabeba kitambaa, nabeba blauzi nyingine kwenye kapu, nafika dakika kumi kabla, nanawa bombani. Nyie mlioshuka kwenye daladala ya watu arobaini mlikuwa mnanukia nini?

Mimi sikuandika haya ili mninunulie kofia ngumu. Ninaandika kwa sababu mwakani tunamaliza, na wengine wetu, Mungu akijalia ajira, tutapelekwa kwenye shule za kata ambazo hata daladala haifiki. Tutapewa zamu, tutasimama mbele ya paredi na karatasi ya matangazo mkononi. Yule aliyelitangaza lile tangazo siyo jini, alikaa kwenye vimbweta kama hivi, akacheka kama mlivyocheka. Kwa hiyo ninauliza kabla hamjaondoka: siku binti atakapoingia getini na libaiskeli la kaka yake, amechafuka vumbi na saa moja haijafika, wewe utatangaza nini?

Msinijibu na "inategemea". Inategemea tumeandika sana kwenye mitihani.

Na barua yangu nimeiandika upya, safari hii siyo ya mwalimu wa mazoezi. Nataka iende kwa afisa elimu, iombe yale yale mawili, geti na bomba la kufungia, kwa shule zote za sekondari za jiji. Dodoma imeitwa jiji tangu Aprili 2018, basi liwe na mahali pa kuegesha baiskeli hata moja. Nimeacha nafasi chini ya jina langu kwa sahihi za wana-Elimu. Mpaka sasa ziko tano, moja ni ya mama wa maandazi ambaye siyo mwanachuo ila alisisitiza.

Halafu Jumamosi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nitakuwa na baiskeli yangu kwenye ule uwanja wa vumbi nyuma ya hosteli, kabla upepo haujaanza vituko. Wasichana ambao hamjui kupanda, na najua mko wengi maana ndio mlicheka kwa sauti kubwa kuliko wavulana, njooni. Vaeni taiti ndani. Pampu ninayo, solusheni ya kuzibia ninayo. Mwenye baiskeli nyingine aje nayo, moja haitatosha. Na yule aliyeniita Madamu Phoenix namuomba afike mapema, ana mikono mirefu, atatushikia keria kwa nyuma mpaka watu wapate mizani.